Muziki, filamu na kufundisha: msanii mwenye fani tatu ni kipaji au ni njaa? (Ayub Ogada, Zawose, Prof. Lihamba na wengine)

#1 Kisiki cha Mpingo
Wakuu salaam.

Wiki hii nimerudi kumsikiliza Ayub Ogada, na kuna jambo limeniganda kichwani. Jamaa kazaliwa Mombasa 1956, jina lake Job Seda. Utotoni kaishi Marekani na wazazi wake, karudi Kenya, kawa mmoja wa waasisi wa bendi ya African Heritage pale Nairobi. Kaingia kwenye filamu. Kaenda London, akawa anapiga nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Wajaluo, kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi, watu wanamtupia sarafu. Watu wa tamasha la WOMAD wakamwona, na 1993 akatoa En Mana Kuoyo kupitia Real World, lebo ya Peter Gabriel. Wimbo wake Kothbiro ukaingia kwenye filamu The Constant Gardener ya 2005, na 2018 Kanye West akakata kipande cha Kothbiro ile ya zamani zaidi, ya bendi ya Black Savage, akakitumia. Amefariki 2019 huko kwao Kisumu.

Sasa hoja yangu. Mtu mwenye mkono ule alipaswa kutuachia kabati zima la albamu. Badala yake zenye jina lake ni chache mno. Na ndivyo ninavyowaona wasanii wetu: leo studio, kesho lokesheni, keshokutwa anafundisha warsha ya vijana. Mimi nasema hiyo ni njaa iliyovalishwa joho la kipaji. Anayebisha aje na mifano, asije na hasira.

#2 Mchizi wa Sinza
Siti ya mbele. Mwenye karanga asogee.

#3 Sauti Nane
Salamu kutoka Kisumu. Mkuu #1, mpangilio wako unampa mtu picha kwamba muziki ulimkwama ndiyo akakimbilia kuigiza. Sivyo. Out of Africa ni ya 1985, ameigiza kama Kanuthia, na kwenye orodha ya waigizaji yupo kwa jina la Job Seda. Uingereza ameenda 1986. Filamu ilitangulia, London ikafuata, albamu ikaja mwisho.

Halafu hebu mwangalie mpiga nyatiti akiwa kazini. Anakaa kwenye kigoda kifupi karibu na ardhi. Vidole viko kwenye nyuzi nane. Kidole gumba cha mguu kimevaa pete ya chuma, na hiyo pete anaigonga kwenye mti wa nyatiti kushika mapigo. Mguuni kuna njuga. Mdomo unaimba, na haimbi alichokariri tu, anamsifu aliyeingia sasa hivi, anamtania aliyekataa kutoa pesa. Kwenye matanga ya Kijaluo anaweza kukesha hivyo. Huyo ni mpiga ngoma, mpiga nyuzi, mwimbaji na mchekeshaji ndani ya kiti kimoja. Unamwambiaje achague moja?

#4 Kisiki cha Mpingo
#3 asante kwa miaka. Lakini hizo zote bado ni nyatiti, kaka. Mimi nazungumzia kutoka kwenye nyatiti kwenda mbele ya kamera.

#5 Ticha Mstaafu
Mnamzungumzia Ayubu wakati hapa kwetu walikuwepo watu wazito. Ayubu ilitungwa na kuigizwa na Paukwa, kundi la walimu na wasanii wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka ya 1980. Ilikuwa na nyimbo, ngoma, usimulizi, kila kitu. Mwalimu wa darasani asubuhi, jioni yuko jukwaani.

#6 Mchizi wa Sinza
Ticha, Ayub Ogada ni mtu. Ayubu yako ni tamthiliya 😂😂

#7 Ticha Mstaafu
Najua tofauti kijana, nilikuwa naingia kwa mlango wangu. Mnataka mfano wa fani nyingi? Profesa Amandina Lihamba. Kaandika Hawala ya Fedha, kaandika Mkutano wa Pili wa Ndege. Kafundisha Sanaa za Maonyesho pale Mlimani vizazi na vizazi. Na kwenye filamu hakuwa mpita njia: yumo kwenye Arusi ya Mariamu ya 1985, na ndiye Samehe kwenye Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kushindania Oscar. Juu ya hapo, yeye na Profesa Penina Mlama wakaanzisha TUSEME mwaka 1996, wasichana wa sekondari wanatumia maigizo na nyimbo kusema yanayowakwamisha shuleni.

Huyo mama alikuwa na mshahara wa chuo. Njaa ipi hiyo, Kisiki?

#8 Fundi Sauti
Ticha umempiga Kisiki penyewe, ila usimwachie kirahisi hivyo. Mwenye mshahara wa chuo ndiye anayeweza kuchagua. Tusio na mshahara hatuchagui.

Mimi nachanganya sauti, napiga gitaa la besi na nafundisha. Niwape hesabu bila kutaja fedha. Wimbo ukichukuliwa na filamu kuna haki mbili zinazolipiwa: ya mtunzi, na ya aliyemiliki rekodi yenyewe. Kama rekodi ilitolewa na lebo, mara nyingi lebo ndiyo inashika hiyo ya pili na msanii anapata kadiri ya mkataba wake. Filamu ikionyeshwa kwenye televisheni kuna malipo mengine yanayopita kwenye vyama vya kukusanya mirabaha, kama nchi husika inakusanya kweli. Na kipande kikikatwa na kuingizwa kwenye wimbo wa mtu mwingine, mazungumzo ni mapya kabisa. Kwa hiyo wimbo mmoja wa zamani unaweza kumlisha mtu 2005 na tena 2018 akiwa amekaa kijijini. Albamu mpya kila mwaka haikupi uhakika huo, inakupa gharama za studio.

Kwa hiyo Kisiki anaposema "njaa" mimi nasema ni akili ya biashara.

Kufundisha je? Kuna shule moja binafsi jijini nilifundisha gitaa kwa mkataba wa saa. Muhula ukaisha, wazazi wameshalipa, mhasibu ananiambia "subiri kidogo mwalimu". Nikasubiri. Likizo ikaja, ikapita, muhula mwingine ukaanza, wameleta mwalimu mwingine na bado "subiri kidogo". Nilichovuna pale ni wanafunzi wawili walionifuata nyumbani. Mmoja sasa hivi ndiye anayeniitia kazi za matangazo. Yeye ndiye bosi!

#9 MamaTuli
Poleni na hongereni. Nauliza kitu kidogo: binti yangu kamaliza kidato cha nne, kila siku ni ngoma na kujirekodi video. Baba yake hataki kusikia. Chuo cha sanaa Bagamoyo wanachukua kwa vigezo gani?

#10 Bint Forodhani
Assalam alaykum. Kutoka Unguja.

Nyie mnahesabu vyeti na mikataba. Bi Kidude, Allah amrehemu, hakuwa na vyote viwili kwa miaka mingi sana. Alikuwa akiimba nyimbo za Siti binti Saad, akipiga ngoma ya msondo ameifunga kiunoni, na alikuwa somo. Kuwa somo si mchezo: mwali anakabidhiwa kwako, unamfunda kwa nyimbo na kwa ngoma mpaka atoke. Hiyo ni skuli, ila haina ukuta wala kengele. Filamu ndiyo zikamfuata uzeeni. Ile ya Andy Jones ya 2006 imemfuata mpaka kwenye safari za nje. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, akafariki Aprili 2013.

Kwa hiyo muziki, filamu na kufundisha vyote alikuwa navyo, na wala hakuviona kuwa vitatu. Vilikuwa maisha yake.

#11 Msoma Magazeti
#10 kwa heshima zote, mtu kupigwa picha si kufanya filamu. Hapo alikuwa mada ya filamu. Lihamba ameigiza, Ogada ameigiza. Tusichanganye.

#12 Bint Forodhani
Ulimwona lakini mbele ya kamera? Alikuwa akimwongoza mwongozaji. Sigara mkononi, anaamua lini anaimba na lini anaondoka. Kama hilo si kuigiza basi hao mnaowaita waigizaji wanafanya nini?

Kama unataka mtu wa siku hizi, Siti Amina. Kasomea muziki DCMA, chuo cha muziki cha nchi za jahazi hapa Mji Mkongwe, anapiga udi, ana bendi yake, na yumo kwenye filamu ya Vuta N'kuvute.

#13 Jobo wa Bagamoyo
MamaTuli, nimesoma pale, nitakujibu. Vigezo vya udahili hubadilika, nenda kwenye tovuti yao au piga simu ofisini, usimtegemee mtu wa mtandaoni. Ila ngoja niseme kinachofanyika ndani, maana kinahusu uzi huu.

Chuo cha Sanaa kilianza 1981, na tangu 2007 ni TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Msingi wake ni vikundi vya taifa vya zamani: ngoma, sarakasi (wale vijana waliopelekwa China miaka ya 1960 kujifunza) na maigizo. Ukifika, huulizwi "wewe ni mwimbaji au mcheza?" Asubuhi uko kwenye ngoma mpaka viganja vinawaka moto, mchana maigizo, halafu sarakasi, halafu unaambiwa chora. Mwanzoni nilikuwa nalalamika kama Kisiki, nilitaka marimba tu. Mwalimu akanijibu kwamba mpiga marimba asiyejua kucheza atampigiaje mcheza ngoma? Nikanyamaza, ila sikukubali moja kwa moja.

Na mkitaja pale mnamtaja Hukwe Zawose. Mgogo wa Doda, Dodoma, Mwalimu Nyerere alimleta Dar miaka ya 1960, na Bagamoyo ikawa nyumbani kwake na mahali pake pa kufundishia. Niwape kitu ambacho kwenye albamu hamkioni. Ile ilimba yake kubwa, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ina matundu kwenye kisanduku, na juu ya tundu panabandikwa utando wa buibui, ule mweupe anaotagia mayai. Ndio unaotoa ule mvumo kama nyuki. Utando ukichanika, sauti inakuwa kavu, wimbo haufiki. Mtu anajifunza kutafuta buibui ukutani kabla hajajifunza wimbo wowote. Kwenye karatasi ya mtihani hiyo utaiandika fani gani? Muziki? Ufundi? Baiolojia?

#14 Mchizi wa Sinza
Nimekagua kuta zote za geto langu. Buibui wapo, ilimba ndiyo sina.

#15 Kisiki cha Mpingo
Jobo umeandika vizuri lakini umenipa bunduki mwenyewe. Zawose alikaa kwenye uwanja wake. Ilimba, zeze, sauti. Akazunguka dunia na hivyo hivyo, akarekodiwa Japani, akatoa Chibite 1996, akafanya Assembly na Michael Brook 2002, mwaka huohuo akafungua maonyesho ya Peter Gabriel Marekani. Hakuhangaika na lokesheni. Ndiyo maana kaacha kazi nyingi kuliko Ogada. Umenithibitishia.

#16 Jobo wa Bagamoyo
Umesahau kufundisha. Nenda Bagamoyo leo uhesabu wenye jina la Zawose wanaopiga muziki. Bintiye Pendo na mjukuu wake Leah, The Zawose Queens, wametoa Maisha 2024 kupitia Real World ileile. Zamani wanawake wa familia walikuwa waitikiaji nyuma na wapigaji wa ngoma za muheme, leo wako mbele na ilimba na zeze mikononi mwao. Hiyo ndiyo albamu yake ambayo hukuihesabu.

#17 Sauti Nane
Jobo, hapo kwa wanawake umenigusa. Huku nyatiti ilikuwa ya wanaume. Halafu Mjapani anaitwa Anyango akaja, akakaa kijijini Siaya akajifunza mpaka akahitimu kwa mzee, sasa anaizungusha nyatiti duniani. Wazee wengine bado wanakunja uso. Mimi sina shida naye, shida yangu ni kwamba vijana wetu wanamwona yeye ndiyo wanaanza kuuliza bei ya nyatiti.

#18 Mchizi wa Sinza
Na bei ni ngapi?

#19 Sauti Nane
Inategemea fundi, ngozi na sura yako ukishuka kwenye gari.

#20 Msoma Magazeti
Naomba nilete maelezo ya tatu, maana mmekwama kwenye njaa na kipaji. Kuna suala la soko dogo. Nchi ambayo waongozaji wa filamu wanahesabika, watunzi wa muziki wa filamu wanahesabika na walimu wa sanaa wanahesabika, watu ni walewale tu. Mwongozaji anatafuta mtu anayejua kukaa na zeze kwenye sini, anampigia simu mpiga zeze anayemjua. Chuo kinatafuta mwalimu, kinampigia huyohuyo. Si njaa yake wala si kipaji chake, ni uhaba wetu.

Angalieni Kinshasa, soko kubwa kuliko letu, na bado ni yaleyale. Papa Wemba: kaanzisha bendi ya Viva la Musica 1977, halafu 1987 ndiye mhusika mkuu wa La vie est belle ya Mweze Ngangura na Benoît Lamy. Na bendi yake ilikuwa darasa, Koffi Olomidé mwenyewe kapita pale. Kule Matonge alijitangazia kijiji chake, Molokai, vijana wanakwenda kujifunza kuimba na kuvaa. Kafia jukwaani Abidjan, Aprili 2016.

#21 Fundi Sauti
Kuvaa nako ni fani ya nne hiyo.

#22 Ticha Mstaafu
#20 uhaba unaeleza kwa nini wanapigiwa simu. Hauelezi kwa nini wanapokea. Mlimani nimewaona watu waliokuwa na kila sababu ya kubaki na vitabu vyao, wakipanda basi kwenda kijijini kukaa mwezi na wanakijiji, wanatunga mchezo pamoja nao kuhusu maji au kuhusu mabinti kuachishwa shule, wanarudi na malaria. Hiyo ndiyo iliyokuwa sanaa za maonyesho kwa maendeleo. Hakukuwa na tuzo, na posho yenyewe ilikuwa ya kuchekesha. Walipokea kwa sababu mchezo usio na wimbo kijijini unaangaliwa na watoto tu, na wimbo usio na mchezo haumalizi hoja. Ilibidi wajue vyote.

Na baadhi yao walipoingia kwenye filamu, ile subira ya kumsikiliza mtu wa kawaida ndiyo unayoiona usoni kwao. Mtazameni Lihamba akiwa kimya kwenye Maangamizi. Samehe ni mgonjwa wa akili asiyezungumza kwa muda mrefu. Mwigizaji aliyezoea kutegemea mdomo angejaza zile sekunde na vituko. Yeye anakaa, shingo imelegea, macho yanaangalia kitu ambacho daktari hakioni. Nyie vijana wa kulia machozi ya vitunguu mna la kujifunza.

#23 Kisiki cha Mpingo
Ticha, hapo kwenye shingo nitaitafuta filamu niione.

Lakini bado. Walimu wangu wa sekondari walikuwa wanafundisha masomo matatu kwa uhaba, na hatukusema wana vipaji vitatu, tulisema shule haina walimu. Kwa nini msanii akifanya hivyohivyo tunampigia makofi?

#24 Bint Forodhani
Kwa sababu mwalimu wako wa masomo matatu alikuwa akikufundisha la tatu huku akilisoma usiku. Bi Kidude hakuwa akisoma usiku.

#25 Msoma Magazeti
😂 #24 huyu dada hana huruma.

Kenya hamjamtaja David Mulwa. Kafundisha Kenyatta University, anaigiza, anaandika, anapiga gitaa. Inheritance yake imesomwa kama kitabu cha mtihani sekondari. Mwanafunzi anakariri tamthiliya ya mtu, jioni anamwona mtu huyohuyo kwenye runinga.

#26 Sauti Nane
Mwalimu Mulwa ni mzee wa heshima, tena umechelewa kumtaja. Lakini turudi kwa Ogada kwa sababu Kisiki amemhukumu kwa albamu chache na hakuna aliyemtetea kwa hilo. Sikilizeni rekodi ya 1993. Ni nyatiti, sauti na vyombo vichache, hakuna kujaza. Mtu ambaye amekaa kwenye bendi kubwa ya African Heritage, magitaa na mashaba, halafu akasimama kwenye korido za stesheni akishindana na kelele za treni, amejifunza ni noti zipi zinafika na zipi ni mapambo. Yale maisha ya kuruka huku na huku ndiyo yaliyosafisha ile rekodi. Angekaa pahali pamoja angetoa albamu nyingi, na nyingi zingekuwa za kujirudia. Tunao wengi wa hivyo, sitaji.

#27 Kisiki cha Mpingo
Wataje.

#28 Sauti Nane
Nina familia mimi.

#29 Fundi Sauti
Sauti Nane, hoja yako nzuri ila tusiipake rangi ile korido ya stesheni. Nimepiga gitaa sokoni, najua. Unapopiga kwa sarafu unajifunza kingine pia: kupiga kile kinachosimamisha watu haraka. Wengi wanaharibikia hapo. Yeye hakuharibika, ni kweli, lakini ni yeye. Msiwaambie vijana waende barabarani kutafuta usafi wa noti.

#30 Jobo wa Bagamoyo
Naunga mkono #29. Darasa letu tulihitimu wengi. Aliyeshika fani moja tu kwa ukali, wa sarakasi, ndiye mwenye kazi ya kudumu, yuko hotelini pwani. Mimi wa kila kitu nipo kwenye kila kitu: harusi, tangazo, warsha, filamu nikiwa mlinzi wa geti anayesema "Bosi hayupo". Siku nyingine nafurahia, siku nyingine namwelewa Kisiki kabisa.

#31 Mchizi wa Sinza
Kumbe ni wewe yule mlinzi!!

#32 MamaTuli
Asanteni kwa majibu. Nimemsomea baba yake uzi wote kwa sauti, isipokuwa #30. Amesema akachukue fomu. Binti naye anasema muziki hautaki tena, anataka sarakasi.

#33 Kisiki cha Mpingo
Mama, kwa hiyo mimi nimeshinda.

#34 Ticha Mstaafu
Subiri afike mwaka wa kwanza, wampe na marimba.